Pesa za utafiti za ubia Ulaya: kabla hujaandika andiko, jua nani anamlipa nani

Kuna jamaa yangu, mhadhiri chuo kimoja nyumbani, alinitumia meseji WhatsApp saa tano usiku. "Kaka nimeona wito wa euro milioni 30, mada ni maji, data tunazo, tuombe." Nikamuuliza kitu kimoja tu, huo mfuko wa nani? Akakaa kimya kidogo, zile nukta tatu zinacheza zinapotea, halafu akaandika: "Si wa Umoja wa Ulaya?"

Nusu ndiyo, nusu hapana, na hiyo nusu ya hapana ndiyo inawala watu miezi mitatu ya kuandika andiko, yaani ombi la pesa, ambalo lilishakufa kabla halijazaliwa. Mimi nipo ofisi ya miradi ya chuo kimoja huku Ulaya mwaka wa sita sasa, kazi yangu ni bajeti, mikataba na kubembeleza maprofesa walete taimshiti zao, zile karatasi za saa walizofanya kazi, sio mtafiti, kwa hiyo humu sitakufundisha sayansi. Nitakuonyesha hela inavyotembea, inatoka wapi, inashika mkono wa nani, inakufikiaje wewe, na upande wa pili pia, yaani shirika la kufadhili linavyoendesha wito, lile tangazo la kukaribisha maombi, maana ukijua jikoni wanavyopika unajua ufike saa ngapi na sahani yako.

HATUA YA 1: Ondoa Brussels kichwani

Wengi wetu tukisikia pesa za utafiti Ulaya tunafikiria jengo moja Brussels lenye hela zote. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya pesa za umma za utafiti bado zinatoka hazina za nchi zenyewe, kupitia mashirika yao ya kufadhili. Ujerumani wana DFG na wizara yao, Ufaransa wana ANR, Hispania AEI, Uholanzi NWO, Austria FWF, Sweden wana Formas na Vinnova na wengine, na kila mmoja ana fomu zake, kalenda yake, na misimamo yake kuhusu nani alipwe mshahara na nani asilipwe. Umoja wa Ulaya nao una mpango wake mkuu, sasa hivi unaitwa Horizon Europe, wa 2021 hadi 2027, euro bilioni 95.5. Ni hela nyingi jamani, lakini ukizigawa kwa miaka saba na nchi zote hizo utaona haziwezi kubeba kila kitu.

Sasa tatizo likawa hili: nchi kumi zinatafiti ugonjwa uleule, kila moja na mradi wake mdogo, hakuna anayejua mwenzake anafanya nini. Mwaka 2000 wakakubaliana kujenga eneo moja la utafiti la Ulaya, na kwenye mpango wao wa sita, ule wa 2002 hadi 2006, wakaanza kitu kinaitwa ERA-NET, ambapo mashirika ya kufadhili ya nchi mbalimbali yanatangaza wito mmoja pamoja. Mwaka 2003 ikaja EDCTP ya majaribio ya dawa na chanjo kati ya Ulaya na Afrika kusini mwa Sahara, hii tutairudia. Kuanzia 2014 ERA-NET ikawa na sura mpya, Umoja wa Ulaya unaweka asilimia 33 ya gharama na nchi zinaweka zilizobaki. Ilipofika 2021 majina mengi ya zamani yakakusanywa chini ya jina moja, ubia wa Ulaya, na upo zaidi ya 40.

Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi haya mambo utayaelewa haraka sana. Kuna mjomba anatoa taslimu mezani, kuna shangazi anasema "mimi chakula niachieni" na hela yake huioni ila pilau utaiona, kuna wale wa ahadi, na kuna yule anayesema atachangia lakini hela yake inunue nguo za watoto wake mwenyewe tu. Ubia wa Ulaya una watu wote hao.

HATUA YA 2: Jua ubia uliouona ni wa aina gani

Sheria ya Horizon Europe, Kanuni namba 2021/695, inataja aina tatu. Ukikosea hapa umekosea mpaka mwisho.

Aina ya kwanza ni ya kupanga pamoja. Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya kule Brussels, inasaini hati ya makubaliano na chama cha wadau, mara nyingi viwanda, mfano ubia wa betri, wa chuma kisicho na moshi mwingi, au ule wa kuhifadhi na kushirikisha data za sayansi, hati za kwanza zilisainiwa Juni 2021. Hapa hakuna mfuko wa pembeni. Chama kinaandika ajenda ya utafiti, Tume inachukua mada kutoka kwenye ile ajenda inaziingiza kwenye mpango kazi wake wa kawaida, na wewe unaomba kwenye tovuti ileile ya Tume kama wito mwingine wowote. Viwanda kwa upande wao vinaahidi kuwekeza kwenye mambo yao. Kwa mwombaji tofauti ni ndogo, isipokuwa waliokaa kwenye vikao vya ajenda wanajua mada zinazokuja mapema kuliko wewe, na hilo sio dogo.

Aina nyingine ni ile iliyosimamishwa kwa sheria yake yenyewe, ina ofisi, mkurugenzi, wafanyakazi, bodi. Novemba 2021 Baraza la Umoja wa Ulaya lilipitisha Kanuni 2021/2085 iliyounda taasisi tisa kwa mpigo: ndege safi, hidrojeni, reli, afya, mitandao ya simu na kadhalika. Umoja wa Ulaya uliahidi mpaka euro bilioni 1.7 kwa Clean Aviation, na kwa ile ya afya inayoitwa IHI ikawa bilioni 1.2 dhidi ya bilioni 1 ya makampuni ya dawa na vifaa tiba. Ila usitafute hiyo bilioni 1 benki. Ni shangazi wa pilau huyo, kampuni inaleta wanasayansi wake, maabara yake, data zake, inavithaminisha kwa euro na kuvihesabu kama mchango. Wanaita mchango wa vitu, na ndio unaogombanisha watu kwenye vikao kuliko hata sayansi, maana nani anasema saa moja ya mtaalamu wa kampuni ni shilingi ngapi? Kuna na nyingine za nchi kwa nchi, kama PRIMA yenye makao Barcelona, ya maji na chakula eneo la Mediterania, na humo Moroko, Tunisia, Misri na Algeria ni wanachama kabisa. Vilevile kuna ule mtandao wa elimu na ubunifu wenye makao Budapest, huo una taratibu zake, tuuache.

Aina ya kuchangia pamoja ndiyo iliyompiga chenga jamaa yangu wa maji. Hapa mashirika ya kufadhili ya nchi yanaungana, yanaomba Tume ichangie, na Tume inaweka kuanzia asilimia 30 ya gharama, ikiwa na sababu maalum mpaka 70. Zilizobaki zinatoka nchi kwa nchi. Biodiversa+ ya bioanuwai na Water4All ya maji ni za aina hii.

Halafu kuna kachumbari kidogo: sio kila ubia wa kuchangia unatangaza wito. Mwingine taasisi zenyewe ndizo zinafanya utafiti. PARC kwa mfano, wa kupima hatari za kemikali, ulianza Mei 2022 ukiratibiwa na ANSES, wakala wa Ufaransa wa usalama wa chakula na afya, bajeti kama euro milioni 400, nusu ya Umoja wa Ulaya, na taasisi karibu 200 ndani. Ukija kutafuta wito wa kuomba humo kama mtu wa nje utazunguka sana, walioingia wameshaingia na wana kazi zao.

Kwa hiyo ukiona tangazo, fungua waraka wa wito, nenda moja kwa moja sehemu ya fedha. Ukikuta jedwali la nchi, kila nchi na shirika lake na kiasi chake, hiyo ni ya kuchangia pamoja, soma hatua zinazofuata taratibu. Ukikuta kiasi kimoja tu cha jumla na namba ya mada inayoanza na HORIZON, hela inatoka kapu la Brussels moja kwa moja, na kwa kapu hilo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo zimo kwenye orodha ya nchi zinazoweza kulipwa.

HATUA YA 3: Elewa chungu kisicho chungu

Kwenye wito wa kuchangia pamoja kuna namna tatu za kuweka hela. Ya kwanza chungu cha kweli, kila nchi inamimina, andiko bora linachukua bila kujali limetoka wapi. Nchi hazipendi hii, hakuna mbunge anayetaka kurudi jimboni kueleza kwamba kodi ya watu wake imelipa mtafiti wa jirani. Ya pili ni chungu cha kwenye karatasi, ndiyo inayotawala: tunatangaza wito mmoja, tunapima maandiko pamoja, lakini kila shirika linamlipa mtafiti wake wa nyumbani kwa sheria zake. Ya tatu mchanganyiko, chungu cha karatasi halafu nyongeza ya Umoja wa Ulaya inatumika kuziba matundu.

Hayo matundu ni nini? Chukua mfano nautunga hapa, sio wito wa kweli. Nchi nne. Ujerumani imeahidi euro milioni 3, Ufaransa milioni 3, Hispania milioni 1, Latvia laki 3. Kila mtafiti wa Latvia kwenye mradi anaomba laki moja na nusu. Maandiko yamepangwa kwa ubora. La kwanza lina Mlatvia, sawa, limepita. La pili lina Mlatvia, limepita, Latvia imekwisha. La tatu halina, limepita. La nne lina Mlatvia, ni zuri sana, Ujerumani ina hela, Ufaransa ina hela, ila Latvia hana hata senti. Bila nyongeza andiko la nne linakufa ingawa milioni kadhaa za Wajerumani zimelala palepale. Nyongeza ya Umoja wa Ulaya ikimlipia yule Mlatvia laki yake moja na nusu, mradi mzima unaamka. Laki moja na nusu inafungua mradi wa karibu milioni, ndio maana mashirika yanalilia hiyo nyongeza, na ndio maana kwa kawaida orodha inafuatwa kwa mpangilio, huruhusiwi kuliruka la nne ukachukua la saba kwa sababu tu ni rahisi kulipa.

Wewe mwombaji somo la hapa ni la kikatili kidogo. Usijaze timu yako nchi zenye mifuko midogo inayogombaniwa na kila mtu. Kwenye nyito nyingi ukishamaliza raundi ya kwanza sekretarieti inatoa jedwali la nchi zilizoombwa kupita kiasi na zile ambazo hela zao hazijaguswa, na zinakuruhusu kuongeza mshirika mmoja kutoka hizo za mwisho kwenye raundi ya pili. Watu wanapita jedwali hili kama tangazo la sabuni. Likamate.

HATUA YA 4: Jinsi shirika linavyoingia (kwa mliopo upande wa serikali)

Nimeona watu wa tume za sayansi za kwetu wakiuliza hili kwenye mikutano kwa hiyo nalipitia. Shirika likitaka kuingia kwenye wito linafanya hivi: linaandika barua ya ahadi kuonyesha kiasi, linaandaa kiambatisho chake cha taifa, yaani masharti ya nchi yake ya nani alipwe na kiasi gani, linateua mtu wa kuwasiliana naye, na linapata kiti kwenye kamati ya kuongoza wito. Shirika moja linabeba sekretarieti, yaani tovuti ya kupokea maandiko, orodha ya wapimaji, vikao. Kila shirika linakagua uhalali wa watafiti wake lenyewe. Wapimaji ni huru, wa kimataifa, na mashirika yanakaa kikaoni kama watazamaji tu, mdomo umefungwa. Baada ya orodha kutoka, mashirika yanakaa kupiga hesabu ya nani analipwa mpaka wapi, kile kikao cha Excel ambacho kila mtu anatoka na kichwa kinauma, halafu kila mmoja anakwenda kusaini mkataba na mtu wake.

Penye kuumiza ni ahadi. Kwenye kamati ya harusi ahadi isipolipwa tunacheka na kumsema, hapa ahadi yako ikiyeyuka kwa sababu bajeti ya serikali imebadilika Juni, umeua miradi ya nchi nyingine saba. Kwa hiyo anza na kiasi kidogo cha kweli. Laki 3 zilizopo zinaheshimiwa kuliko milioni 2 za kwenye barua.

HATUA YA 5: Kusoma kiambatisho cha taifa, mstari kwa mstari

Hapa nakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo niliungua.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na timu ya nchi tano, andiko safi, profesa wetu hajalala wiki mbili. Mshirika mmoja alikuwa kituo kidogo cha utafiti cha watu binafsi, wataalamu kwelikweli. Kumbe shirika la nchi yao linalipa vyuo vya umma na taasisi zilizo kwenye orodha yake tu, na kituo hicho hakikuwepo. Ilikuwa imeandikwa, sentensi moja, ukurasa wa arobaini na kitu kwenye viambatisho, na hakuna aliyeisoma, mimi nikiwemo, maana kila mtu alidhani mwenzake kasoma. Kwa sheria za ule wito mshirika mmoja akianguka uhalali andiko zima linaanguka. Tulipata barua pepe ya mistari minne. Hata halikufika kwa wapimaji.

Tangu siku ile kila mshirika namtumia jedwali ajaze kwa mkono wake na sio "nitakucheki kesho": taasisi yako inaruhusiwa, ndiyo au hapana. Kiwango cha juu kwa mtafiti mmoja, kiwango ukiwa mratibu. Mshahara wa mwajiriwa wa kudumu unalipwa? Gharama za jengo na umeme asilimia ngapi? Kuna fomu ya taifa ya kujaza sambamba? Umempigia simu mtu wa kuwasiliana naye, tarehe ngapi, kasema nini?

Majibu yanatofautiana kuliko unavyodhani. ANR ya Ufaransa kwa taasisi za umma hailipi mshahara wa mtu wa kudumu, inalipa gharama za ziada tu, kwa hiyo bajeti ya Mfaransa inaonekana ndogo na wenzake wanaanza kumnong'ona kwamba hafanyi kazi, kumbe anafanya sana ila analipwa na mwajiri wake. DFG imekuwa ikiongeza asilimia 22 juu kwa gharama za taasisi. Horizon Europe yenyewe ina asilimia 25. Mradi mmoja, meza moja, hesabu tatu tofauti, na zote sahihi. Usijaribu kuzifananisha, utaumwa kichwa bure.

Na hiyo fomu ya sambamba ni mtego mwingine. Baadhi ya mashirika yanataka mtafiti wao ajaze pia kwenye mfumo wa taifa lake, siku ileile au siku chache baadaye. Umejaza ya kimataifa ukalala usingizi mzito, asubuhi umeshatolewa.

HATUA YA 6: Timu, andiko, saa

Kiwango cha chini kwenye nyito nyingi ni washirika watatu kutoka nchi tatu tofauti zilizotoa hela. Wito mwingine unaweka na idadi ya juu. Mratibu lazima awe anayelipwa na mojawapo ya mashirika yaliyomo. Usiweke mratibu mwenye jina kubwa asiyejibu barua pepe, weka anayejibu.

Raundi ya kwanza ni andiko fupi la awali, kurasa chache, raundi ya pili andiko kamili. Vigezo mara nyingi ni vitatu, ubora wa sayansi, matokeo kwa jamii, na utekelezaji. Watu wa sayansi wanamwaga wino wote kwenye cha kwanza halafu utekelezaji wanaandika aya mbili za kuombea. Mpimaji anaona. Mwambie mwezi wa nane nani anafanya nini, ikichelewa mnafanyaje, data zinakaa wapi, nani ana kibali cha maadili. Na hakikisha majina ya mada yanagusa ile ajenda ya mkakati ya ubia, ipakue, isome, ile ndiyo katiba yao, andiko zuri nje ya ajenda ni hotuba nzuri kwenye msiba usiokuhusu.

Saa sasa. Dedlaini ya Tume mara nyingi ni 17:00 saa za Brussels, yaani saa kumi na moja jioni kwao. Kwetu Dar na Nairobi majira yao ya joto ni saa kumi na mbili jioni, majira ya baridi ni saa moja usiku. Nyito za kuchangia pamoja zina saa zake, nyingine 15:00, nyingine saa sita mchana. Nimeshaona mtu kaandika kwenye kalenda "saa 11" akimaanisha ya Kiswahili, mwenzake wa Ulaya akaielewa 11:00 asubuhi, akapaniki akatuma rasimu ya juzi. Andika kwa namba ya saa 24 na jina la mji, basi.

HATUA YA 7: Sisi wa Afrika Mashariki tunaingilia wapi

Nirudi kwa jamaa yangu. Hela za wito wake wa maji zilikuwa za jedwali, na kwenye jedwali Tanzania haikuwepo. Hapo haijalishi kwamba Tanzania inalipika kwenye Horizon Europe ya kawaida, mlango huu ni mwingine, kama nchi yako haina shirika kwenye ule wito hakuna wa kukulipa. Ana njia chache tu.

Anaweza kuingia kama mshirika wa kujilipia, anaandika barua kuonyesha hela zake zinatoka wapi, hawezi kuwa mratibu na mara nyingi hahesabiwi kwenye wale watatu wa lazima. Sio mbaya kama tayari ana mradi nyumbani unaolipa mishahara. Njia ya pili ni kupitia mshirika wake: baadhi ya mashirika yanaruhusu mtafiti wao aweke kwenye bajeti yake gharama za mwenzake wa nchi zinazoendelea, DFG wana utaratibu huo kwenye miradi yao ya kawaida, lakini kwenye wito wa pamoja uliza kwanza kwa maandishi. Njia ya tatu ni kutafuta ubia uliojengwa na Afrika ndani toka mwanzo, kama ilivyokuwa LEAP-RE ya nishati jadidifu kati ya Umoja wa Ulaya na Umoja wa Afrika, iliyoanza 2020.

Na mkubwa wao ni EDCTP. Miaka ya nyuma ofisi zake zilikuwa The Hague na Cape Town. Sasa inaitwa Global Health EDCTP3, ni mojawapo ya zile tisa za 2021, ofisi Brussels, Umoja wa Ulaya mwanzoni uliahidi mpaka euro milioni 800 na upande wa pili, yaani chama cha nchi za Ulaya na Afrika pamoja na wachangiaji wengine, nao walete kiasi kama hicho. Tanzania na Uganda zimo kwenye historia ya chama hicho kama wanachama, na mchango wa nchi ya Afrika unaweza kuwa ni shughuli za utafiti inazolipia yenyewe nyumbani, sio lazima taslimu, tena shangazi na pilau lake. Hapa unaomba kwenye tovuti ya Tume, na taasisi ya Afrika inaweza kuwa mratibu mwenyewe, kitu ambacho kwenye chungu cha karatasi ni ndoto.

Ukitaka kuona matunda yake tazama dawa ya kichocho ya watoto wadogo. Praziquantel ya kawaida ni kidonge kikubwa, kichungu, mtoto wa miaka mitatu anakitema. Muungano ulioongozwa na Merck, kampuni ya dawa ya Ujerumani, na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ndani yake, ukatengeneza kidonge kidogo kinachoyeyuka kwenye maji, majaribio makubwa yakafanyika Kenya na Ivory Coast, EDCTP ikiwa mmoja wa wafadhili, na Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni ya kuikubali.

HATUA YA 8: Mmeshinda, sasa ndio kazi

Kwenye wito wa Horizon wa kawaida au EDCTP3 kuna mkataba mmoja, hela zinaingia kwa mratibu, yeye anagawa. Kwenye chungu cha karatasi kuna mikataba mingi kama washirika walivyo, na kila shirika linasaini kwa mwendo wake. Wajerumani wameanza Machi, Wahispania wamesaini Julai, mwingine Oktoba. Mradi ni wa miezi 36 kwenye karatasi lakini kila mtu ana 36 yake. Panga kazi za mwanzo kwa wanaosaini mapema, na yule wa mwisho usimpe kitu ambacho wengine wote wanakisubiri. Niliona mradi umekaa miezi mitano ukisubiri sampuli za mshirika ambaye hela zake zilikuwa zimekwama kwa mhasibu wa wizara.

Makubaliano ya ndani kati yenu mtayasaini wenyewe, nani anamiliki data, nani anachapisha, mtu akijitoa inakuwaje. Kuna kielelezo kinatumika sana kinaitwa DESCA, anza nacho. Mwanasheria wa chuo chako atataka kubadilisha kila kifungu, mpe chai, mwachie vifungu viwili.

Ripoti ni mara mbili pia. Ripoti ya sayansi ya pamoja kwa sekretarieti, katikati na mwisho, halafu ripoti ya fedha ya kila mmoja kwa shirika lake kwa fomati yake. Tume yenyewe inapokea hesabu kutoka kwa waratibu wa ubia, na wao wanakudai wewe takwimu ambazo hukujua utaulizwa, watu wangapi mmewafundisha, machapisho mangapi yako wazi kwa wote. Anza kuhesabu siku ya kwanza kwenye karatasi moja ya Excel, usije ukakaa mwezi wa 35 unapekua picha za semina kuhesabu vichwa.

Na nyaraka hutupi. Kwa ruzuku za Horizon Europe ni miaka mitano baada ya malipo ya mwisho, sio baada ya mradi kuisha, na malipo ya mwisho yanaweza kuchelewa mwaka mzima, na shirika la taifa linaweza kutaka zaidi. Kwenye kabati langu kuna boksi la mradi ulioisha 2021, ndani kuna taimshiti, tiketi za ndege, na risiti ya teksi iliyofifia mpaka imebaki nyeupe, nimeibandikia fotokopi yake nyuma kwa sababu mkaguzi mmoja alishaniuliza "hii ni nini" nikabaki namtazama. Boksi hilo litakaa hapo mpaka 2027, na kila anayekuja kufanya usafi namwambia aanze na kabati lingine.